Gauni la Manjano na Sauti ya Yaya

Utoto wangu unanuka dawa ya ukutani. Ninyi wa umri wangu mliokulia huku Kamembe, mji wetu wa ziwani, mtaijua ile harufu. Iko karibu na mafuta ya taa lakini si mafuta ya taa, ina kitu kama chokaa ndani yake, na ukilamba ukuta (nililamba, nisiseme uongo) ulimi unakufa ganzi mpaka jioni. Walikuwa wanakuja watu wa serikali wamebeba pampu za chuma mgongoni, vitambaa vimefungwa puani, wanapulizia nyumba moja baada ya nyingine kwa ajili ya mbu. Watu wakubwa walikuwa wanasema homa inapanda kutoka Bugarama, kule bondeni kwenye mpunga. Mimi nikaelewa kwamba inapanda gari. Kila lori la mchele likifika sokoni nilikuwa naangalia kwanza juu ya magunia, nione kama homa imekaa pale juu na makuli.

Siku ya dawa, vitu vyote vinatoka nje. Kitanda, godoro la majani, vyungu, mikeka, sanduku, ndoo ya usiku, vyote uani, juani, majirani wanaona. Mama yangu aliichukia siku ile kuliko homa yenyewe. Alikuwa mwanamke wa kufunika mambo yake. Alitandika kitenge juu ya vyombo, upepo wa ziwani ukaja ukafunua, akatandika tena, ukafunua tena, mpaka akakaa juu ya kitenge mwenyewe. Kulikuwa na jirani mmoja ambaye siku hiyo alipata safari nyingi sana za kupita mbele yetu, anatusalimia upya kila akipita, na macho yake yako kwenye sufuria zetu zenye matobo. Baba alikuwa anafyeka majani pembeni ya uwanja wa ndege. Siku ya dawa alikuwa anaondoka kabla hatujaamka, hata kama si siku yake ya kazi.

Ndani ya nyumba ule moshi mweupe unatembea, mende wanaanguka kutoka kwenye paa, kuku wanawakimbilia, na kesho yake unazika kuku. Nimetoka njiani. Nilitaka kusema habari ya sanduku.

Lilikuwa sanduku la bati, bluu, limefungwa kamba ya mkonge. Mahali pake palikuwa chini ya kitanda cha wazazi, na mimi sijawahi kuliona likitoka isipokuwa siku ile. Sijui kamba ililegea au nililegeza mimi. Kifuniko kilipanda kidogo nikaingiza mkono. Nikatoa gauni. Gauni dogo la manjano la mtoto mchanga, kifuani limedariziwa kwa uzi mweupe, na ndani ya gauni kuna shanga za kiunoni, zile wanazofungwa watoto wa kike. Dada yangu mkubwa Mwamini (huku kwetu yaya ni dada mkubwa, si mlezi wa kulipwa) alininyang'anya kwa haraka mpaka kucha yake ikanichana mkono. Akarudisha vyote ndani, akakaa juu ya sanduku kama kuku anayeatamia.

Nikauliza ni la nani. Mama hakugeuka. Akasema, "Ni lako."

Sasa fikiria wewe, mtoto ambaye hata shule hajaanza, mtoto wa kiume, anaambiwa gauni ni lake, na shanga ni zake. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikafikiri sana. Nikapata jibu moja tu: nilizaliwa msichana, halafu nikageuka. Na kama niligeuka mara ya kwanza, ni nini kitakachozuia nisigeuke tena? Kuanzia siku ile, kila asubuhi kabla ya kufungua macho vizuri, nilikuwa nahakikisha. Nikitumwa kwenda kuchota maji pamoja na wasichana nilikuwa nalia, watu wanasema mvivu huyu, hawajui kwamba ninaogopa kuanza upya. Na walipokuja kututahiri, jamani! Wenzangu walilia kwa sababu ya kisu. Mimi nililia kwa sababu nyingine kabisa, na sikuweza kumwambia mtu.

Niliishi na ule woga muda mrefu kuliko inavyofaa kusema. Mpaka nilipoota ndevu ndipo nikaelewa kilichokuwa wazi kwa kila mtu mwenye akili: kulikuwa na mtoto mwingine. Msichana. Mama alinipa neno fupi ili nisiulize tena, na kweli sikuuliza. Kwetu mtoto aliyekufa hazungumzwi mbele ya waliobaki, inasemekana unamwita. Mama akaenda kaburini na jambo lake. Baba akamfuata. Sanduku lenyewe lilipotea katika kuhamahama kwetu. Aliyebaki anayejua ni yaya Mwamini, ambaye aliolewa Nkanka, kule chini kwenye ziwa, na kila sikukuu nikienda kumsalimia nilikuwa namuuliza: yaya, lile gauni? Alikuwa na jibu lake la siku zote, anachambua maharage hata haniangalii. "Utaambiwa."

Mimi ni fundi wa bati. Nimetengeneza majiko ya makaa na taa za kopo maisha yangu yote, shule nilisoma kidogo nikaiacha, na nilikuwa najua kusubiri. Jiko halipozwi kwa maji, linapasuka. Nikasubiri.

Hapo ndipo kompyuta inapoingia, na tangu ilipoingia sijapata amani.

Ilikuwa ya Hamza, mwanangu anayefanya kazi Kigali. Alinunua mpya, akatuletea hii ya zamani ili mama yake aangalie maulidi na video za harusi. Mke wangu, Maman Hamza, aliishonea kitambaa cha kufunikia chenye maua. Betri yake ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo bila umeme haina kitu, ni kibao cha kukatia nyanya. Aliyeitengeneza vizuri ikawaka ni Papa Exaucé. Huyu ni mtu aliyekulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, wazazi wake ni wa huku, wakarudi, akafungua chumba chake cha kutengeneza simu na mashine karibu na kituo cha mabasi. Mtu mpole, mwimbaji wa kwaya. Siku ile alituonya jambo moja tu. Alisema kwamba kila kle itakayochomekwa humu (kle ni ile fimbo ndogo watu wanayobebea nyimbo na picha) ipimwe kwanza na dawa ya virusi kabla ya kufunguliwa. "Ata ya imamu, Mzee," alisema. "Virusi haiangaliake dini." Tukacheka.

Mwaka huo yaya alianza kuvimba miguu. Hakuweza tena kupanda kuja mjini, na mimi magoti yangu hayakutaka kushuka Nkanka. Binti yake Riziki akanipigia simu akasema mama ana maneno yangu, amekaa mchana mzima anayasema ndani ya simu, na ameagiza nipelekewe mimi. Nilijua ni nini. Nikasema nitakuja Ijumaa nisikie kwa mdomo wake mwenyewe. Ijumaa ile tulikwenda kumzika.

Njia ya Nkanka mvua ikinyesha si njia, kwa hiyo watu wa mjini na wa mbali walikuja kukaa matanga kwangu. Riziki akaja na simu yake, akachomeka waya, akaingiza sauti ya mama yake ndani ya kompyuta, akatengeneza dosie, yaani mfuko wa kuwekea vitu humo ndani, akaiandika YAYA kwa herufi kubwa ili mimi niione bila miwani. Na watu wote waliokuwa pale, waliposikia kwamba sauti ya marehemu iko, kila mmoja akataka aende nayo nyumbani. Shangazi kutoka Bukavu akatoa kle kutoka ndani ya kilemba. Shemeji wa Bugarama, anayefanya kazi kwenye mashine ya mchele, yake ilikuwa na vumbi la pumba mpaka ndani. Kijana wa muziki, mtoto wa mtoto wa baba mdogo, alikuwa nayo shingoni kama hirizi.

Nilikumbuka onyo. Nikamnong'oneza mke wangu kwamba hizi zilitakiwa kupimwa. Maman Hamza aliniangalia mpaka nikaona haya.

"Muntu anakuya kukulilia, unamuambia kle yake inanuka?" akasema. "Shangazi? Mwambie wewe. Mi siko ndani."

Na nani angeweza? Kwetu matanga mtu akinyoosha mkono unaupokea. Humuulizi mkono ulikuwa wapi, ulishika nini. Kumpima mfiwa mwenzako mbele ya wafiwa wengine, mashine inawaka nyekundu, inalia kwamba wewe ni mchafu! Zikaingia zote, moja moja, na kila aliyechomeka alisema Mungu ampokee. Watu wamenilaumu sana juu ya hilo, Hamza hasa, kwa simu, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Mimi nasema hata leo ningezipokea vile vile.

Katikati ya ule msongamano niliifungua kidogo ile sauti. Nilitaka tu kuhakikisha kwamba iko. Nikasikia maharage yanaangukia kwenye ungo, kuku anapiga kelele, halafu yaya. Sauti yake nzito, ya karibu, kana kwamba amekaa nyuma ya ile mashine. Alicheka kwanza. Akasema, "Ndugu yangu, unakumbuka siku ya dawa? Ulivyotoa macho kwa lile gauni? Sasa kaa vizuri, nikwambie lilikuwa la nani, na yuko wapi."

Wakaingia watu wa msikitini na kikapu cha vitumbua. Nikazima. Nilifanya vizuri, siwezi kusema nilikosea. Maneno kama yale huyasikilizi na mdomo umejaa. Nilisema nyumba ikitulia nitakaa peke yangu, nitayasikia mpaka mwisho.

Nyumba ikatulia. Nikaondoa kitambaa cha maua, nikawasha, nikasubiri, nikabonyeza YAYA. Haikufunguka. Nikabonyeza tena. Likaja neno la Kifaransa kwamba kitu hakionekani. Nikavaa miwani. Ile dosie ilikuwa pale pale, jina lile lile, lakini pembeni chini kumeota mshale mdogo. Nikaangalia nyingine. Harusi ya Zubeda, mshale. Maulidi, mshale. Kila kitu kimeota mshale kama ugonjwa wa ngozi.

Kisha simu zikaanza. Shemeji wa Bugarama anasema kle yake inafungua hewa. Kijana wa muziki anasema hata nyimbo zake zimekwenda, na alitaja nyimbo kwanza na sauti ya yaya baadaye. Shangazi wa Bukavu alipiga akiwa na hasira kabisa.

"Umenipa kifuniko," alisema. "Chungu kiko wapi?"

Nikajaribu kumweleza habari ya mshale, akasema yeye hakuomba mshale. Wote walibeba mishale. Nikampigia Riziki, nikamwambia usijali sana, wewe nirudishie tu ile iliyoko ndani ya simu yako. Simu ilikuwa imejaa, akasema, na kwa kuwa mjomba anayo kwenye kompyuta, aliifuta.

Kwa hiyo ilibaki kompyuta, na Papa Exaucé.

Alikuja asubuhi na mfuko wake, akachomeka kitu chake cha intaneti, akaingiza dawa mpya. Alinieleza kwamba dawa ya mwaka jana haijui ugonjwa wa mwaka huu, lazima ipate habari kwanza. Sawa. Habari zilichukua asubuhi nzima kushuka. Kisha akabonyeza na mashine ikaanza kupima, kitu kimoja kimoja, na hapo ndipo nilipokumbuka mama yangu na kitenge chake. Maana kila inachopima inakisoma jina, na majina yote yanapita pale kama vyombo juani, mke wangu amekaa, mimi nimekaa, mgeni amekaa. Vitu vya watu wote waliowahi kugusa ile mashine. Nyimbo za Kilingala nisizotaka kujua zimefikaje. Barua za Hamza za kuomba kazi. Mahubiri, mpira, tena nyimbo. Halafu likaanza kupita jina Solange. Picha ya Solange, picha nyingine ya Solange, Solange ziwani, Solange amelala. Mke wa Hamza anaitwa Aisha.

Maman Hamza aliacha kumenya ndizi. Aliuliza, polepole kabisa, huyu Solange ni wa nani. Nikasema labda ni jina la virusi. Papa Exaucé akaanza kuimba wimbo wake wa kanisa, anaangalia dari.

Mstari wa kijani, ule unaoonyesha upimaji umefika wapi, ulikuwa unatembea kama konokono mzee. Ulifika katikati, umeme ukakatika. Mashine ikafa. Umeme uliporudi, ikaanza mwanzo kabisa, haikumbuki kama ilipima kitu. Ikaanza tena nyimbo, tena barua, tena Solange. Ukakatika. Kesho yake akarudi, mstari ukafika mbali zaidi, umeme ukakatika. Hivyo ndivyo tulivyoishi. Mimi nimezoea kazi ambayo ukisimama unaikuta ulipoiacha. Jiko lenye miguu miwili kesho linangoja mguu wa tatu. Hii inakurudisha tumboni mwa mama yako kila mara. Nilianza kuamka na hasira. Nilikuwa nachukia taa ikiwa inawaka, nachukia ikizima. Ndege ikipita juu yetu kutua, nilikuwa nailaumu kwamba ndiyo imekula umeme wetu. Maman Hamza akasema nimekuwa mtu wa kuongea peke yake.

Siku moja mstari ukatembea vizuri, mpaka mashine yenyewe ikapiga kengele na dirisha jekundu likatoka. Imekamata. Papa Exaucé akasogea. Alinisomea maneno matatu yaliyoandikwa pale: kusafisha, kuweka karantini, kufuta. Nikauliza karantini ndiyo nini humu ndani. Akasema ni kama chumba mlichokuwa mnamtengea mtoto mwenye surua. Yuko hai, anakula, lakini hagusani na wenzake, na siku akipona unamfungulia.

Kwenye lile dirisha, cha kwanza kabisa kuandikwa kwamba kinaumwa, kilikuwa YAYA.

"Huyo muweke chumbani," nikasema. "Usimfute. Unanisikia?"

"Mzee, yaya haumwake," akasema. Alikuwa na subira siku ile, lazima niseme hivyo. "Hii ni kintu ilivaa jina yake. Yeye mwenyewe virusi ilimuficha, iko mahali humu humu. Tutoe kwanza mwizi, kisha tumutafute mwenye nyumba."

Akabonyeza, na jina la dada yangu likatoka kwenye kioo. Nikaikalia mikono yangu. Akafuta na ile ya harusi, na ya maulidi, zile zote zenye mishale, moja baada ya nyingine, na mimi najiambia ni nguo tu, ni nguo tu za mwizi.

Ilikuwa karibu na adhuhuri. Mvua ilikuwa inajikusanya upande wa Bukavu, na ninyi mnajua, wingu likiwa upande ule umeme wetu unaanza kupepesa kabla hata tone halijaanguka. Balbu ikafumba, ikafumbua. Papa Exaucé akaacha kuimba. Alisema tukikatika sasa tunaanza tena mwanzo, na yeye kesho hana nafasi, na keshokutwa pia. Na mimi nikasema, kwa jina la Mungu, usinirudishe mwanzo.

Ndipo mashine ikaonyesha dosie moja ambayo haina jina. Mahali pa jina palikuwa patupu, peupe. Mashine ikasema mzizi wa virusi umekaa humo ndani.

Nikauliza, "Hii juu ya nini haina jina?"

"Njo kiota yake," akasema. "Batu ya virusi banapenda kujificha ivi."

Nikamwambia afungue tuone. Akakataa. Alisema ukiifungua virusi inaamka, inatapakaa upya, siku zote hizi zinakuwa bure. Balbu ikafumba. Nikamwambia basi iweke chumbani, kwenye surua. Akajaribu. Mashine ikafikiri, ikasema ni kubwa mno, haiingii. Balbu ikafumba tena, ikakaa imefumba, ikafumbua. Akaniangalia. Mimi niliangalia dirisha, lile wingu. Akabonyeza kwa vidole viwili kwa pamoja, kuifuta moja kwa moja, mashine ikauliza, akajibu kwa Kifaransa ndiyo, na ndiyo tena.

Ikaandika kwamba hakuna tena hatari. Kila kitu kijani. Maman Hamza akapiga makofi. Mimi nilitoa pumzi niliyokuwa nayo tangu matanga, nikavuta kiti karibu na vile vipaza sauti viwili vidogo. Nikamwambia mke wangu aende jikoni afunge mlango, asione vibaya, ila haya ni mambo ya watoto wa mama mmoja.

Papa Exaucé akaanza kumtafuta mwenye nyumba. Akafungua hapa, akafungua pale. Akaamuru mashine ionyeshe vilivyofichwa. Akaandika YAYA kwenye mahali pa kutafutia, ikatafuta, ikasema hakuna. Akaandika Mwamini, akaandika jina la Riziki. Akatafuta nyimbo zote, sauti zote. Zilikuja chache za kijana wa muziki. Harusi ya Zubeda haipo. Maulidi hayapo. Solange pia hayupo. Akafungua ndoo ya taka ya mashine, tupu.

"Mzee," akasema. "Iko virusi ingine... haifichake tu. Inachukua bintu yote ya kweli, inabiweka pamoja ndani ya dosie moja. Inaondoa jina, juu muntu asibione."

Nikasubiri amalize. Hakumaliza. Akamwita Maman Hamza akamwomba maji, mke wangu akaleta glasi, akayanywa yote amesimama, akasema asante maman. Mimi nilikuwa bado nimeinama kuelekea kwenye vile vipaza sauti, nina uhakika nilionekana mpumbavu.

"Kulikuwa na nini ndani ya ile isiyo na jina?" nikamuuliza.

"Sikuangalia, Mzee."

Akaomba aongezewe maji. Maman Hamza akarudi jikoni. Papa Exaucé akasema iko programu moja kwake kule kituoni, inayorudisha vilivyofutwa, ila isiguswe kitu chochote, mashine ikae vile ilivyo, anakwenda kuichukua. "Nakuya sasa ivi," akasema. Hakuniangalia usoni. Alitembea kama mtu anayetembea kila siku, hakukimbia, hakugeuka. Matone ya kwanza yalikuwa yanapiga bati la duka la saruji alipopita pale kwenye kona, na hakuinua hata mkono kujikinga kichwa.

Maman Hamza akatoka na glasi, akauliza ameenda wapi. Nikamwambia anakuja. Akaiweka juu ya meza, karibu na kompyuta. Umeme ukakatika. Papa Exaucé mpaka leo hajarudi.